Vipimo vya angani vimetupa milima, havijatupa reli

Mhariri,

Naomba nafasi katika ukurasa wa barua ili nijibu hoja inayojirudia kila michezo ya kompyuta inapojadiliwa, na ambayo hivi karibuni ilipita tena katika kurasa zenu bila kupingwa. Hoja yenyewe ni kwamba siku hizi mtu anayetaka kujenga njia ya treni kwa ajili ya simuleta, yaani programu ya kompyuta inayoigiza uendeshaji wa treni, hana kazi kubwa, kwa kuwa anapakua data za miinuko ya nchi kutoka intaneti, anaziingiza katika programu, analaza reli juu yake, na njia imekamilika. Mimi ni mmoja wa wanaojenga njia hizo kwa kujifurahisha, na sina ugomvi na nusu ya kwanza ya maelezo hayo. Ugomvi wangu ni na huko kulaza reli juu ya data, kwa sababu njia iliyopatikana hivyo huwa na milima ya kweli na reli ya kubuni, na dereva wa treni halisi akiijaribu ataitilia shaka kabla hajafika stesheni ya pili.

Nianze kwa kutoa sifa panapostahili. Mwezi Februari 2000 chombo cha anga cha Marekani, Endeavour, kiliizunguka dunia kwa siku 11 kikiwa na antena za rada sehemu mbili, moja katika mwili wa chombo na nyingine kwenye ncha ya mlingoti wa mita 60 uliokunjuliwa huko huko angani. Kwa kulinganisha mwangwi uliorudi katika antena hizo mbili, wataalamu waliweza kukokotoa mwinuko wa karibu nchi kavu yote iliyo kati ya latitudo 60 kaskazini na 56 kusini. Kazi hiyo hujulikana kwa kifupi cha SRTM. Kwa miaka mingi maeneo ya nje ya Marekani yalitolewa kwa vipimo vilivyoachana mita 90 hivi, na tangu 2014 vile vya mita 30 vikaanza kutolewa bure kwa dunia nzima. Baadaye Ulaya nayo ikafungua data za mita 30 za Copernicus, mradi wake wa kuitazama dunia kutoka angani, zilizotokana na setilaiti pacha za rada za mradi wa TanDEM-X wa Ujerumani. Kabla ya hapo mjenzi wa njia alikaa na ramani ya karatasi akifuatisha mistari ya kontua, ile inayounganisha mahali penye mwinuko sawa, mmoja baada ya mwingine, na wengi walichoka wakaamua kubuni vilima vyao wenyewe. Leo upeo wa macho unaouona kutoka dirishani mwa injini ya simuleta unaweza kuwa ule ule unaoonwa na abiria wa kweli, kilele kwa kilele, na hilo si jambo dogo.

Faili moja la SRTM la kipimo cha mita 30 hufunika mraba wa digrii moja kwa digrii moja, na ndani yake mna safu 3,601 zenye namba 3,601 kila moja, kila namba ikiwa ni mwinuko wa nukta moja kwa mita kamili, bila desimali. Pale ambapo rada haikuweza kuona, kama vile nyuma ya mlima mkali, faili la awali huandikwa −32,768, na mjenzi asiyeijua alama hiyo hukuta katikati ya safu yake ya milima shimo ambalo bahari yenye kina kirefu kuliko zote haifikii hata nusu yake. Hilo ni kosa la kuchekesha, huonekana mara moja, na huzibwa kwa muda mfupi. Yaliyonisukuma kuandika ni makosa ambayo jicho haliyaoni lakini treni inayahisi.

Reli ni kitu kilichonyooka mno kikilinganishwa na ardhi inayopita. Mwinamo wa 10 kwa elfu, yaani reli inayopanda mita 10 katika kila mita 1,000, ni mlima wa kuheshimiwa kwa treni ya mizigo, ilhali mtembea kwa miguu hata hautambui. Sasa tuuweke mwinamo huo juu ya gridi ya SRTM, yaani mpangilio wa nukta hizo katika safu. Kutoka nukta moja hadi nyingine ni mita 30, kwa hiyo reli imepanda sentimita 30, na faili halijui sentimita. Litaandika mwinuko ule ule mara tatu hivi, kisha litaruka mita nzima, kisha litatulia tena. Na hapo nimesema kana kwamba kila namba ni sahihi. Kiwango cha usahihi kilichowekwa tangu awali kwa SRTM kilikuwa kosa lisilozidi mita 16 kwa vipimo 9 kati ya 10, na ingawa mahali pengi hali ni bora kuliko hivyo, kosa la mita tatu kati ya nukta mbili zilizoachana mita 300 linatosha kuzaa mwinamo wa 10 kwa elfu mahali palipo tambarare kabisa, au kuufuta pale ulipo. Mjenzi aliyelaza reli juu ya ardhi ya namna hiyo huwa amepokea kelele za rada na kuzigeuza milima na mabonde ya reli.

Msomaji anaweza kuuliza kama yote hayo yana maana yoyote katika mchezo. Yana maana kubwa, kwa sababu simuleta nzuri za leo hukokotoa nguvu. Kwa mwendo wa polepole kwenye reli tambarare, tani moja ya mabehewa huhitaji kuvutwa kwa nguvu ya kama kilo mbili tu, na huo ndio muujiza wa gurudumu la chuma juu ya chuma. Lakini kila mita moja ya kupanda katika mita 1,000 huongeza kilo moja kwa kila tani. Kwenye mwinamo wa 10 kwa elfu, kwa hiyo, tani moja inadai kilo 12, na kwenye mwinamo wa 14 inadai kilo 16. Kwa hesabu ya harakaharaka, injini iliyoweza kuburuta tani 1,200 mahali pa kwanza itaweza 900 mahali pa pili. Tofauti ya 4 kwa elfu, ambayo katika data za angani hupotea ndani ya kosa la kawaida, ndiyo inayoamua kama treni itafika juu au itasimama njiani magurudumu yakizunguka bure, na ndiyo inayomfanya dereva wa kweli aanze kufunga breki mapema anaposhuka. Ukiibadilisha, umebadilisha kazi nzima ya udereva katika njia hiyo.

Wengine hujibu kwamba dawa ni kulainisha: unaiacha programu ichukue wastani wa nukta nyingi, na mawimbi yanapotea. Ni kweli yanapotea, lakini pamoja nayo hupotea kile ambacho wahandisi walikipanga kwa makusudi. Mteremko wa reli haujagawanywa sawasawa kutoka bondeni hadi kileleni. Mhandisi hupandisha reli kwa nguvu kwa kilomita kadhaa, kisha huilaza karibu tambarare kwa mita mia chache ili pawe na stesheni, kisha hupandisha tena, na kwenye kona kali hupunguza mwinamo kidogo kwa sababu kona yenyewe nayo huikaba treni. Wastani haujui stesheni iko wapi. Hulisambaza lile tambarare katika mteremko wote, na matokeo yake ni stesheni iliyoinama, ambapo mabehewa yaliyokatwa kutoka kwenye injini bila kufungwa breki hujiondokea yenyewe kuelekea bondeni. Nimeona jambo hili katika njia zilizosifiwa sana kwa uzuri wa mandhari yake.

Kuna pia vile ambavyo gridi ya mita 30 haiwezi kuvibeba hata ingekuwa haina kosa. Mkato uliochimbwa kilimani kupitisha njia moja ya reli huwa na upana wa mita chache chini, na hupotea katikati ya nukta mbili kana kwamba haukuchimbwa. Tuta la reli hupatwa na hali hiyo hiyo. Msitu ni tatizo la aina yake, kwa sababu rada hizi hupima kwa sehemu kubwa vichwa vya miti na si udongo, hivyo pale reli inapotoka mashambani na kuingia katika msitu mrefu, ardhi ya simuleta hupanda ghafla kama ngazi ambayo haipo duniani. Daraja refu huonekana mahali pengine kama ukuta uliokatiza bonde na mahali pengine halionekani kabisa. Handaki, bila shaka, halionwi na chombo chochote cha angani.

Mfano ninaoupenda kuliko yote ni kitanzi cha Tehachapi, katika jimbo la California, kilichokamilika mwaka 1876 kwenye njia inayopanda kutoka Bakersfield kuelekea Mojave. Reli hapo inapita katika handaki fupi, inazunguka kilima kidogo kwa duara kamili la kilomita 1.15 hivi, inapanda mita 23, kisha inapita juu ya lile handaki ilimotoka, kiasi kwamba treni ya mizigo yenye urefu wa zaidi ya duara hilo hupita juu ya mkia wake yenyewe. Mwinamo wake ni kama 20 kwa elfu. Tukiangalie sasa kwa macho ya data. Duara lote lina kipenyo cha kama mita 370, kwa hiyo kutoka ukingo hadi ukingo kuna nukta 12 hadi 15 za SRTM, na kila nukta ina mwinuko mmoja tu. Mahali pa makutano panahitaji miinuko miwili, wa reli ya juu na wa reli ya chini, iliyopishana mita 23. Gridi itakupa mmoja, na huenda usiwe hata mmoja wa hiyo miwili, bali kitu kilicho katikati kilichochanganywa na mteremko wa kilima. Hakuna ulainishaji utakaokitoa kitanzi hicho ndani ya nukta hizo. Lakini mtu mwenye karatasi inayosema reli inaanzia mwinuko gani, inapanda kwa mwinamo gani, na kona ina nusu kipenyo gani, anaweza kukijenga kwa jioni moja bila kuitazama data ya angani hata kidogo, kisha akaleta kilima na kukizungushia.

Hapo ndipo msimamo wangu ulipo. Utaratibu unaoelezwa na wengi unapaswa kupinduliwa: reli itangulie na ardhi iifuate. Njia ya reli ilivyolala kwenye ramani inaweza kupatikana kutoka picha za angani au ramani huria ya OpenStreetMap, na huko usahihi ni wa kuridhisha. Mwinuko wake utoke katika mchoro wa miinamo, yaani ile hati ndefu ambayo kila shirika la reli huwa nayo, inayoonyesha kilomita kwa kilomita wapi reli inapanda, wapi inashuka, na kwa kiasi gani. Kilomita za hati na za ramani hazitalingana kikamilifu, na mjenzi itambidi azivute zikutane kwenye vitu visivyohama kama madaraja, milango ya mahandaki na majengo ya stesheni. Pale miinamo miwili inapokutana aweke mpindo mpole, kwa sababu reli halisi haivunjiki kama rula. Reli ikishakaa mahali pake, ndipo ardhi ya SRTM au ya Copernicus iletwe na ilazimishwe kuifuata: ikiwa ardhi iko juu ya reli, ikatwe, ikiwa chini, ijazwe tuta lenye mbavu zinazoteremka taratibu, kwa kawaida mita moja na nusu kwenda pembeni kwa kila mita moja ya kushuka, na ikiwa tofauti ni kubwa mno, jiulize kama hapo hapana daraja au handaki ulilolisahau. Ukifuata njia hii, makosa ya data hubaki milimani, ambako mita tano hazimdhuru mtu.

Hata hivyo, ardhi ya simuleta nayo ina ubahili wake. Microsoft Train Simulator ya mwaka 2001, ambayo njia zake bado zinaendeshwa kwa programu huria ya Open Rails, hugawa nchi katika miraba ya mita 2,048 yenye nukta kila mita 8. Trainz, simuleta nyingine, kwa miaka mingi imetumia mbao, yaani vipande vya ardhi, za mita 720 zenye gridi ya mita 10 au 5. Kwa hiyo data ya mita 30 ikiingizwa humo, nukta nyingi zinazojaza nafasi ya katikati zimekisiwa na kompyuta, na hakuna aliyezipima. Sisemi hivyo kuzikejeli simuleta hizo. Nasema kwa sababu msomaji akiambiwa kwamba ardhi ya njia fulani ina nukta kila mita nane, asidhani kwamba kuna mtu au chombo kilichopima kila mita nane.

Jambo la sifuri nalo halizungumzwi vya kutosha. Mwinuko ni umbali kutoka mahali fulani, na mahali hapo hutofautiana. SRTM hupima kutoka umbo la usawa wa bahari linaloitwa jioidi, toleo la EGM96, ilhali kifaa cha GPS kwa asili yake hupima kutoka duaradufu laini ya kihesabu, na tofauti kati ya vyote viwili katika bahari iliyo kusini mwa India hupita mita 100. Hati za reli nazo hufuata sifuri ya nchi husika. Ubelgiji na Uholanzi ni majirani wanaounganishwa na reli, lakini sifuri ya Ubelgiji imewekwa kwenye maji yaliyokupwa na iko chini ya ile ya Uholanzi kwa zaidi ya mita mbili. Mjenzi akizitumia hati za nchi zote mbili kama zilivyo, atapata mpakani kipandio kinachomfika mtu kichwani, na hiyo ni nchi ambayo karibu haina mwinamo wa kuzungumzia.

Najua kutakuwa na msomaji atakayenikumbusha kuhusu laida, yaani upimaji wa miale ya leza kutoka kwenye ndege, na atakuwa na haki. Uingereza ilianza kufungua data zake za laida kwa umma mwaka 2015, Uswisi ikafungua modeli yake ya ardhi mwaka 2021, na Uholanzi nayo hutoa zake bure. Kwa vipimo vya kila mita moja au nusu mita, tuta la reli huonekana wazi, na mwinamo unaweza kusomwa juu ya tuta lenyewe kwa makosa ya sentimita. Aliyebahatika kujenga njia katika nchi hizo asiwasikilize sana watu kama mimi. Lakini hata laida hufutwa madaraja inapotayarishwa kuwa modeli ya ardhi tupu, haijui kilichomo ndani ya handaki, na kwa sehemu kubwa ya dunia haipo.

Ndiyo maana ombi langu ni kwa mashirika ya reli, nami nalipitisha kwenu kwa sababu gazeti husomwa na watu wasiosoma majukwaa ya wajenzi wa simuleta. Chapisheni michoro ya miinamo. Serikali zimetoa bure sura ya milima yote, kazi iliyohitaji kurusha chombo angani, lakini hati ya mistari michache inayosema reli inapanda kiasi gani kati ya stesheni mbili mara nyingi hubaki kabatini, na mjenzi analazimika kuitafuta katika vitabu vya zamani au kwa hisani ya dereva mstaafu. Nimewahi kujibiwa kwamba hati hizo ni za usalama. Jibu hilo sikulielewa, kwa kuwa katika nchi nyingi mwinamo wa reli umeandikwa kwenye vibao vilivyosimikwa kando ya reli yenyewe, abiria wakiviona, na yeyote mwenye simu ya kisasa anaweza kuukadiria akiwa amekaa kwenye kiti chake. Michoro ya njia zilizofungwa na kung'olewa haina hata udhuru huo. Hiyo ndiyo inayopotea kwa haraka zaidi, kwani mwenye kuihitaji kikazi hayupo tena.

Wajenzi wenzangu nao wana deni kwa wanaotumia kazi zao. Kila njia hutolewa na maelezo yanayotaja majina ya waliochora majengo, waliorekodi sauti za injini na waliopiga picha za kokoto, lakini ni nadra kukuta sentensi moja inayosema mwinamo umetoka wapi. Iandikwe: kutoka stesheni hii hadi ile, miinamo ni ya hati ya mwaka fulani, kuanzia hapo hadi mwisho, imekisiwa kutoka SRTM. Mtumiaji atajua ni mlima upi anaoweza kuusadiki. Na mwandishi wenu wa michezo ya kompyuta, atakapotathmini tena njia mpya na kuisifu kwamba imejengwa kwa data halisi, namwomba amuulize mjenzi swali hilo hilo kabla ya kutoa nyota, kisha akate mabehewa mawili katika stesheni yoyote, afungue breki, na aone yanaelekea wapi.

Wako,
Msomaji na mjenzi wa njia za simuleta